Upinde wa Mkwe Marwa

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Maombi, chai ya rangi, halafu upinde. Mtumbwi wa watu uko uani unangoja mbao mbili za ubavuni. Ungoje. Tezo nimeiweka leo, kilichobaki ni kazi ya kisu na kipande cha chupa. Mkono wa chini wa upinde umeanza kutii. Wa juu bado mgumu kama mpini wa jembe.

Nilianza vibaya. Nilipiga mstari kwa penseli, nikasukuma randa kama natengeneza ubao. Mwita, mume wa binti yangu Awino, alinionya siku aliponiletea huu mti: fuata nyuzi za mti, hata zikienda upogo. Miaka ishirini naunda mitumbwi hapa Muhuru, mkono wangu haujui kitu kisichonyooka. Nimeificha randa.

Jumanne, 2 Agosti
Jambo lile sijawahi kuliandika. Wacha niliandike.

Mwezi wa sita tulikwenda Isebania kumwona Awino kwake. Mkwe wangu Mzee Marwa, baba yake Mwita, akanipa upinde wa marehemu baba yake niushike. Heshima kubwa. Sisi watu wa ziwani hatuna pinde. Nikavuta mpaka sikioni, nikaachia. Hakukuwa na mshale. Ukavunjika katikati, mbele ya wakwe wote. Sikujua kwamba upinde hauachiwi mtupu. Kwa Wakurya mtoto mdogo anajua.

 Mzee aliokota vipande, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hali chakula cha mkono wa Awino. Na Awino ana mimba ya miezi sita.

Nimeahidi kupeleka upinde mwingine tarehe kumi na moja. Mti ni huu mmoja, ulikaushwa mwaka mzima. Hakuna wa pili.

Jumatano, 3 Agosti
Mvua. Sikugusa. Nimeuning'iniza jikoni, juu ya moshi.

Alhamisi, 4 Agosti
Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wetu wa ziwani, amerudi kutoka soko la Isebania. Alimwona Awino. Uso umekonda. Anapika, sahani ya mzee inarudi kama ilivyokwenda. Siku hizi mama mkwe anampikia mzee kando, na watu wa boma wanaona.

Nimeomba. Nimeomba vibaya, akili yote ilikuwa kwenye ule mkono wa juu.

Ijumaa, 5 Agosti
Kazi nzuri leo. Nimesimika nguzo uani, ubavuni nimeikata mapengo sita. Katikati ya upinde inakaa juu ya nguzo, kamba naishusha pengo kwa pengo, kisha narudi nyuma hatua kumi na kutazama. Mikono yote miwili ikunjike sawasawa, kama mwezi mchanga. Panapokataa kukunjika napakwaruza kidogo, nashusha tena. Ukikwaruza sana huwezi kurudisha. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Sasa niko pengo la nne. Inakunjika vizuri, mpaka naogopa. Jua limegusa maji. Naacha kuandika.

Sabato, 6 Agosti
Sijui kama kuandika ni kazi. Naandika.

Upinde bado uko kwenye nguzo, umevutwa. Jana jua lilizama, Sabato ikaingia, kabla sijaondoa kamba. Nilikuwa natazama tu, nikafurahi, nikasahau. Mama Awino alinikuta nimesimama hapo, mikono nyuma.

"Baba Awino, kufungua kamba ni kazi ya dakika moja."

"Na wavu wa Ouma ulikuwa wa dakika ngapi?"

Akarudi ndani. Mwezi uliopita mimi, mzee wa kanisa, nilimsimamisha Ouma mbele ya watu kwa sababu alitoa wavu majini Ijumaa jua likiwa limezama. Alisema samaki wangeoza. Nilimwambia waoze.

Kanisani sikusikia hata fungu moja la hubiri. Nilikuwa nasikia mti ukilia. Pengine ni kichwa changu.

Jumapili, 7 Agosti
Nimeondoa kamba. Upinde haukurudi. Umebaki umepinda upana wa mkono, kamba haipo, mtu hauvuti. Ukivutwa hauna nguvu, unakubali tu. Ule mwezi wangu mzuri umekuwa mgongo wa mzee.

Nilikaa chini uani. Nina hasira na mimi mwenyewe. Nina hasira na mwingine pia, aliye juu, na jina lake sitaliandika.

Jumatatu, 8 Agosti
Nimeupasha moto polepole, nikaufunga kwenye ubao ulionyooka kwa kamba za wavu.

Nikashuka ufukweni kwa Ouma. Nikamwambia siku ile nilikuwa mkali kupita kiasi. 

"Mzee wa kanisa, leo umekunywa nini?"

Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo. Kisha akasogea, nikakaa ubavuni mwa mtumbwi wake. Hakuniuliza sababu.

Jumanne, 9 Agosti
Nimeufungua. Umenyooka nusu ya ulivyokuwa umepinda. Nusu nyingine imekataa. Nilishika chupa nikwaruze. Nimeiweka chini.

Mama Awino anasema niende nao hivyohivyo. Anasema nisipokwenda kabisa, Awino ndiye atakayejibu maswali. Ni kweli. 

Alhamisi, 11 Agosti. Isebania
Naandika haya nyumbani kwa Mwita.

Mzee Marwa aliupokea kwa mikono miwili. Akauangalia bila kamba, jicho moja limefumba.

"Mkwe, huu umechoka kabla ya kuwinda."

Nikamwambia yote. Ijumaa, jua, kamba, mpaka habari ya Ouma. Mwita alitazama chini kwa aibu yangu. Mzee akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo Mungu wako anapumzika, na upinde hapana?"

 

Akaagiza kisu. Akakata upana wa vidole vinne kila ncha ya upinde, mimi nikafumba macho. Kisha akachonga mahali papya pa kamba. Upinde mrefu uliolegea ukifupishwa unapata ukali, alisema. Tukakaa chini, yeye anakwaruza, mimi navuta kamba kwenye nguzo yake, hadi alasiri. Alinipiga kofi mkononi mara mbili nilipotaka kuvuta haraka.

Alipokuwa anapaka mafuta, akasema bila kuniangalia:

"Mimi sikukasirika, mkwe. Niliogopa mkosi. Upinde wa baba yangu umevunjika mkononi mwa baba wa huyu mtoto, na yeye ana mimba. Kila nikitaka kula chakula chake naona vile vipande. Ningemwambia nani?"

Nikamwambia hata mimi nimeogopa miezi miwili hii. Akaitikia kwa kichwa. Akaweka mshale kwenye kamba, akanipa nivute. Mshale ukaingia kwenye shina la mgomba. Upinde ukarudi mzima.

Ijumaa, 12 Agosti
Asubuhi, ukungu. Nangoja lori la samaki ili nifike nyumbani kabla ya jua kuzama.

Jana jioni Awino alileta maji ya kunawa, akaanza na mzee. Ugali wa wimbi na kunde. Mimi nilitazama sahani yangu tu. Nikasikia mzee akitafuna. Akasema chumvi haitoshi.

Awino akaenda jikoni kuleta chumvi.