Habari za Jina la Mtoto Wako

Misigiri, Iramba,
Singida.
9 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Fredrick,

Marahaba. Naitika kabisa, maana najua hata huko Kigali ukiona mwandiko wangu tu shikamoo inakutoka yenyewe. Mimi baba yako mdogo ni mzima kama tairi jipya, na nakuandikia nikiwa mtu mwenye bahati kuliko wote walioko kati ya hapa na Nzega. Wazee wa ukoo walikaa, wakapitia majina ya waliokufa na walio hai, wakasema mtoto wa Fredrick aitwe Gadi. Mimi! Mziba pancha wa darasa la tano! Kuna watu hapa wana mashamba na mazizi, na hakuna aliyemwita hata mbuzi kwa majina yao.

Natumaini nawe u mzima. Kile kifua kimekuachia? Urbano wa lori ananiambia huko ni milima mitupu na asubuhi kuna ukungu, kwa hiyo vaa sweta na usione aibu. Na ukichomelea vaa miwani. Macho ya fundi hayauzwi dukani.

Sisi hatujambo. Alizeti tumevuna, si haba. Upepo wa mwezi huu umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Mkeo Pendo mshono wake wa uzazi umepona vizuri, ameanza kwenda kuteka maji, nimemkataza, hanisikii. Mtoto keshokutwa anatimiza miezi mitatu. Mashavu yamejaa. Ukimpulizia puani anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, sawasawa na ulivyokuwa wewe.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu mdomo wangu unanitangulia. Nikisikia sauti yako naanza mzaha, ukicheka nafurahi, vocha inaisha, na lile nililokupigia linabaki kooni. Karatasi hainichekei. Ndiyo maana nimempa Urbano, yule dereva wa lori la mchele anayepita hapa kila wiki kwenda huko, akuletee mkononi mwako.

Basi tuongee kuhusu jina.

Unajua mimi majina ya dunia nimeyasomea barabarani. Lori likipasuka tairi hapa Misigiri, dereva ananiambia kwanza jina lake na maana yake, ndipo nagusa spana. Nimegundua kila taifa lina wanaume wa majina mafupi, na sisi mafundi ndio tunaowapenda, maana jeki ikiteleza huna muda wa kuita Nebukadneza. Yule Msomali wa tangi la mafuta anaitwa Abdi, yaani mtumishi, lakini ukimwambia ashuke akusaidie kusukuma gurudumu anakujibu kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu tu. Alipita mhubiri wa Kighana, basi lao dogo limepasuka tairi mbili kwa mpigo, jina lake Kofi. Kwao ni mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Nikamwambia basi wewe kwetu ni Juma. Alifurahi mpaka akaniombea nusu saa nzima, nami nimeshika jeki.

Akaja mzee wa Kijerumani juu ya baiskeli. Otto. Katika lugha yao ya zamani, anasema, maana yake ni mali. Mali, Fredrick, na anazunguka Afrika kwa baiskeli, pancha anaziba mwenyewe kwa gundi yake! Hata kazi hakunipa. Padre wa Kipolandi aliyekuja kumtembelea mwenzake aliniandikia jina lake, Jan, ambaye ni Yohana wetu huyu huyu aliyepunguzwa. Halafu Mturuki mmoja wa ile reli ya Manyoni akanitajia jina lake, nikasikia Jan tena. Nikamwambia aha, Yohana. Akakataa kwa mikono miwili. Lao wanaliandika kwa C mwanzoni na maana yake ni roho, uhai. Hata Ali, mwenzangu hapa kijiweni, tumempatia maana yake: aliye juu. Miraji wa duka la vipuri alicheka mpaka akakaa chini. "Aliye juu gani huyu, kutwa yuko chini ya malori!"

Na Gadi? Mchungaji alinieleza ni Kiebrania, maana yake bahati. Akaongeza kwamba aliyempa mtoto jina hilo hapo kale hakuwa mama aliyemzaa. Hilo la pili sikulipenda, nikamwuliza habari za kwaya.

Siku moja, zamani, tukilima kule mbugani, nilimwuliza marehemu baba yako maana ya Alute ni nini. Alisimamisha jembe, akanitazama kama nimemwuliza maana ya mvua. "Maana yake ni mimi," akasema. "Ukiita Alute, mimi nikaitika, imetosha." Akaendelea kulima. Kaka yangu yule maneno alikuwa anayatoa kwa kipimo. Mimi nilichukua ya kwake na ya kwangu yote.

Fredrick mwanangu, tangu tumzike, huu mwaka wa sita, mama yako hajaita jina hilo akaitikiwa.

Tumbo la Pendo lilipoanza kuonekana, mama yako akabadilika. Alikuwa anampitia Pendo asubuhi, hamsalimii yeye, anasalimia tumbo: "Mume wangu umeamkaje? Unarudi lini nyumbani?" Pendo anacheka, anamwambia, "Mama, na akiwa wa kike?" Anajibiwa, "Mimi nimekaa na huyu mtu miaka thelathini na tisa, simjui hodi yake?" Akalitoa lile blanketi la kijivu la baba yako kwenye sanduku, akalifua, akalianika siku mbili. Mtoto alazwe juu yake siku atakapopewa jina.

Hajalazwa. Siku Pendo alipotoka kituo cha afya, mama yako alimpokea mtoto mlangoni, akauliza anaitwa nani. Alipojibiwa Gadi, akasema, "Jina zuri." Basi. Akamrudisha mtoto kwa Pendo, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Tangu siku ile hamwiti mume wangu, wala hamwiti Gadi. Anamwita mgeni. "Hujambo mgeni. Mgeni amenyonya?" Anamwogesha vizuri, anambeba, hana ubaya naye. Lakini mgeni.

Na wewe umekuwa unaniuliza kwenye simu mbona mama hapokei, nami nakujibu mtandao, mnara, betri. Mnara mzima kabisa, Fredrick. Mama yako anaona umelikataa jina la baba yako. Hasemi, unamjua. Ila juzi alimwambia jirani yetu Elina, nami niko nyuma ya ukuta nachanja kuni: "Mtoto akifika mbali, baba yake anakuwa mdogo machoni pake." Shoka liliniponyoka. Nusura nijikate mguu, na ningestahili.

Kwa nini anafikiri ni wewe? Kwa sababu nilisema ni wewe. Pendo aliponiuliza akiwa bado kitandani, "Baba mdogo, ndivyo baba watoto alivyosema?" nilimjibu ndiyo, ndivyo alivyosema Fredrick. Kidogo tu, neno moja. Akageuka akamtazama mtoto, akasema, "Haya, kama baba yako amependa." Na tangu hapo anakutetea. Wanawake wakimwuliza kisimani anasema mume wangu ana sababu zake. Hajui hata sababu moja, maskini, anakulinda tu.

Kisha ukanipigia wewe. Nikakuambia habari ya wazee. Ukasema, "Kama wazee wamesema, sawa baba mdogo." Ningekuwa na mtoto jeuri ningepona siku ile ile. Angeuliza wazee gani, walikaa wapi. Lakini ninyi nyote mmelelewa vizuri. Wewe hukumwuliza Pendo kwa kuwaheshimu wazee, Pendo hakukuuliza kwa kukuheshimu wewe, mama yako hakuuliza mtu. Na mimi katikati nikanunua soda kijiweni, nikampa Ali rangi aandike kwenye ubao GADI NA GADI, TUNAZIBA PANCHA AINA ZOTE. Rangi hiyo nimeifuta jana kwa dizeli.

Nataka ujue ilivyokuwa kule kituo cha afya. Pendo ametoka kupasuliwa, hawezi kusimama. Mama yako alikuwa amerudi nyumbani kupika uji. Simu ya Pendo ilikuwa imezima, ndiyo maana ulinipigia mimi, ukaniambia mara tatu: "Alute. Baba mdogo, ni Alute. Kamwambie mama." Ulikuwa unalia na kucheka. Nikapewa kadi ya mtoto ikaandikwe jina, nikapanga foleni dirishani, mwanaume peke yangu kati ya kina mama. Sasa na mimi mbele ya watu si unanijua. Nikaanza kuwagawia watoto wao majina ya dunia, huyu Kofi, huyu Otto, huyu mkubwa wa kichwa ni wa Kituruki. Wakacheka, mmoja akanisihi, "Mzee nyamaza, nyuzi zangu zitafumuka!" Nilikuwa mfalme pale. Nikafika dirishani, nesi Catherine naye anafuta machozi ya kicheko, kalamu mkononi. "Haya babu wa dunia nzima, na huyu wenu anaitwa nani?"

Nilikumbuka vizuri ulichoniambia. Usije ukafikiri nilisahau. Ila nikawaza mabinti zangu wawili, Sikudhani na Eliana. Wamezaa wavulana watano kati yao, na wote wamechukua majina ya upande wa waume zao, ndivyo ilivyo, siwalaumu. Nikawaza kwamba Alute atakumbukwa hata bila jina, mtu mzito kama yule. Mimi nikifa, watafuta ubao tu. Hayo yote niliyawaza kalamu ikiwa hewani.

Nimerudi kwa nesi juma lililopita. Anasema cheti cha kuzaliwa bado hakijaandikwa, kadi inaweza kurekebishwa, lakini si kwa mdomo wangu tena. Anataka maandishi ya baba mzazi na sahihi. Nimekuwekea karatasi nyeupe ndani ya bahasha hii. Andika jina kwa mkono wako, mpe Urbano akirudi. Kesho asubuhi, kabla lori halijafika hata Nzega, nitakuwa nimekwenda kwa mama yako kumweleza yeye na Pendo, na kiti sitakaa mpaka nimalize. Akinifukuza nitakaa uani. Akinipiga, ana haki, na ana mkono mzito.

Pokea salamu za Pendo, ambaye hajui ninachoandika, za Ezekieli mdogo wako, za Elina jirani, na za Ali kutoka chini ya lori. Mama yako hakunituma salamu. Nakutumia ninazomwona nazo usoni, maana kila gari la Kigali likipita anasimama mlangoni mpaka lipotee. Mungu akushike mkono huko ugenini, akulindie macho na mikono yako, akurudishe ukute nyumba yako ina sauti.

Wako akupendaye, hata kama utakaa muda bila kutaka kunipenda,
Baba yako mdogo,
Gadi.

Fredrick, wazee hawakukaa. Hakuna mzee aliyenichagua. Niliulizwa dirishani, nikasema jina langu.