Wakili Hakugeuka

Mama Watoto, nakala kwa Bibi:

Inatangazwa rasmi kwamba kifuniko cha birika kimebonyea, na mhalifu ni mimi. Kiliniponyoka asubuhi hii, hatua mbili nyuma ya mwanetu wa miaka mitatu, Wakili wetu asiyeshindwa ubishi, naye hakugeuka. Nikakiangusha tena kwa makusudi. Hakugeuka. Nikamzungukia mbele na kumwita kwa sauti ya kuamsha jirani. Akaniuliza, “Baba, mbona unanong’ona?”

Tangu mafua yamshike, nimemgombeza wiki nzima kwa kutoitika, nikidai kichwa kigumu amekirithi kwenu. Jana nilimnyima hadithi. Leo foronya yake ina doa la usaha.

Tumekwenda zahanati. Uji umo kwenye chupa. Bibi, shikamoo, mafuta yako ya vuguvugu yasitiwe sikioni mwake hata tone, na methali ya sikio la kufa isitajwe humu ndani. ~~Msiwe na hofu.~~ Hofu ninayo mimi, tena ya kutosha nyumba nzima.

Imeamuliwa: adhabu zote za wiki hii zimefutwa. Nimemsomea Wakili uamuzi huo mara mbili, akiwa amenipa mgongo akivaa viatu. Hakukata rufaa.

Baba