Mrija Uliobaki

Kumsenga, Machi 2014

Mjukuu wangu Eliza,

Mwakeye. Huku maharage yametoa maua, na babu yako bado anagombana na nyani. Unaniuliza kama utazaa, baada ya mimba kutunga kwenye mrija na daktari kuukata.

Nami nilikatwa, nikiwa msichana kama wewe. Nilikuwa napalilia, tumbo likanichoma upande mmoja, nikazimia. Wakasema ni chango, wakaanza kuchemsha mizizi. Mama mkwe akakataa, nikabebwa hadi hospitali. Muuguzi aliponiuliza siku zangu niliziona lini, nilitazama ukuta. Kwetu mimba changa haitajwi, sembuse mbele ya mama mkwe! Yeye ndiye aliyejibu: “Miezi miwili sijamwona akifua vitambaa vyake.” Kisha akatoka nje, uso ameufunika kwa kanga. Daktari akajua, akanipasua siku ileile, maana damu ilikuwa inavujia tumboni.

Hadi leo nikifua namkumbuka.

Wewe usitazame ukuta. Ukikosa siku zako, wahi wakupige picha, waone imetunga wapi. Na swali lako kamuulize mama yako. Yeye alipitia mrija wangu uliobaki.

Bibi yako