Baba Alipoliona Vumbi

Kisaka,
kupitia Posta, Musoma.
18 Septemba 1955

Mpendwa kaka Nashoni,

Shikamoo. Hujambo huko Nairobi? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Sisi tupo, tunapumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Simu ya maandishi uliyopelekewa ilisema tu kwamba ndugu yetu Heche amefariki kwa ajali ya gari. Hukujibu. Hata siku za raha barua zako ni fupi kama mkia wa mbuzi, lakini safari hii kimya chako kinatuumiza. Basi nakueleza ilivyokuwa.

Unamkumbuka yule Mzungu wa mgodini aliyemwajiri Heche kuwa fundi wake. Walitengeneza gari jembamba, limelala chini, lina pua kama ya kambare ili upepo usilizuie. Mzungu alitaka kuvunja rekodi ya mwendo kwenye mbuga yetu. Watu wa kupima kwa saa walikuja, na Heche akapewa usukani awe wa kwanza kulijaribu. Kaka, alivyofurahi! Aliniambia, "Rhobi, leo jina la baba litasikika mpaka Musoma."

Tulikatazwa kupitisha ng'ombe. Baba alitii, akangoja mpaka jua likawa kali na ng'ombe wanalilia maji, akadhani wenye gari wamekwisha maliza. Ndipo akaona vumbi kule mbali. Wewe unajua, sisi tumezoea lori la pamba: ukiliona vumbi lake, unavusha kundi lote na bado unarudi kumfuata ndama aliyebaki. Akavusha. Nusu yao hawajapita, gari hilo hapo. Heche alimwona baba, akakata usukani, gari likabingirika. Ng'ombe hakuguswa hata mmoja.

Tulimzika karibu na mlango wa zizi, kama desturi yetu. Tangu hapo baba hapiti mlango ule. Amevunja ua upande wa nyuma, anatolea mifugo huko. Wazee wakimwita kwenye tambiko anasema mikono yake haifai. Namlilia Heche, halafu namlilia baba.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Mokami, na jirani yetu Marwa anayetukamulia siku hizi.

Lori la posta likija, baba huwa wa kwanza barabarani. Haulizi kama utakuja. Anauliza kama umeandika, na kama ndani ya barua bado unamwita baba. Nimekuwa nikimjibu kwamba barua imechelewa njiani. Kaka, hata kama huna lingine la kusema, andika neno hilo moja, nimsomee.

Mungu akushike huko uliko peke yako.

Dada yako akupendaye,
Rhobi