Picha za Galaksi Ulizonitumia

Mpwa wangu, mtaalamu wa nyota,

Usishangae mwandiko wa mke wangu. Mimi natamka tu, kama wakubwa.

Karakana nzima inakujua. Nimewaambia mafundi kwamba unapasua mwanga wa galaksi, za karibu na za mbali, na kwa rangi zake unajua gesi inayozaa nyota. Wakabisha! Nikasema kipaji umekirithi kwangu, nikavua miwani ya kuchomelea niwasomee rangi za cheche kwa macho matupu.

"Mzee, utapofuka!"

Nikawacheka.

Mama yako usimwambie, atanisema mpaka nikome. Picha zako nimezisifia kwa kila mtu, lakini sijaziona. Tangu siku ile naona ukungu tu. Ukija likizo, kaa nami uniambie zina rangi gani.

Mjomba wako, bingwa wa moto