Mama Renato Hataki Kula

Doonside, Sydney
4 Julai 2021

Mpendwa Nkatha,

Kikohozi chako kimekwisha? Siku hizi mtu akisema "ni mafua tu" hakuna anayemwamini, kwa hiyo niandikie ukweli kwa barua pepe hii hii, na kama umepimwa niambie majibu. Sisi huku tuko wazima. Dada yako Gatwiri bado anafanya kazi hospitalini kule Liverpool ya huku Sydney, anarudi jioni na mistari ya barakoa mashavuni kama mtu aliyelalia mkeka. Mimi niko ndani kwa amri ya serikali. Tunaruhusiwa kutoka kwa dawa, chakula na mazoezi, na tusiende mbali, hivyo hata unga wangu wa mahindi wa duka la Auburn umekuwa hadithi. Ni baridi, ile ile ya Julai ya kwetu Meru, ila hii ina meno.

Nina swali, na ni wewe tu ninayeweza kukuuliza, kwa kuwa unaishi Italia miaka yote hii.

Jirani yangu ni Muitaliano, mjane. Jina lake Assunta, na hapa hata mtoto wa shule humwita hivyo hivyo tu. Kinywa changu kilikataa. Ana mwana aitwaye Renato, basi mimi namwita Mama Renato. Mwanzoni aligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake, sasa anaitika. Mumewe alifariki mwezi wa nne, na tangu tumzike, mama huyu hali. Kila siku nampitishia sahani juu ya ua: githeri, mukimo, kuku, uji asubuhi. Sahani inarudi imeoshwa inang'aa. Nilidhani anakula, mpaka nilipoona ndege wa nyuma ya nyumba yake wamenenepa. Wanakula githeri yangu, Nkatha! Wameshindwa hata kuruka vizuri.

Ningecheka, ila Renato amenipigia simu. Yeye yuko Melbourne na mpaka umefungwa. Anasema ukifunguliwa tu atakuja kumchukua mama yake, ampeleke kwenye nyumba ya wazee karibu naye, kwa sababu sauti yake kwenye simu inazidi kuwa ndogo. Mama mwenyewe ameniambia hatoki. Nyumba hiyo marehemu aliijenga kwa mikono yake. Lakini mtu asiyekula atabishana na mwanawe kwa nguvu gani?

Niambie: Waitaliano wakiwa na huzuni hula nini?

Shangazi yako.


Padova
11 Julai 2021

Shangazi mpendwa,

Nimepimwa, sina kitu, kikohozi kimebaki cha kuombea likizo kazini. Asante kwa kuniulizia kwanza kabla ya ndege wako wanono. Huku joto limetushika shingo, lakini tunatoka, mikahawa imefunguliwa, watu wanakaa nje mpaka usiku kama wanaolipa deni la mwaka jana.

Swali lako ni rahisi: pasta. Mchuzi wa nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, basi. Usitie viungo vya pilau, nakuomba kwa jina la babu. Mwenye nyumba wangu wa ghorofa ya chini anatoka kusini, Calabria, na hata akiwa na homa hula hiyo hiyo.

Usikate tamaa kama hutapata mara ya kwanza. Mimi nilipowaalika wenzangu wa kazini mara ya kwanza niliweka kila kitu mezani kwa pamoja, kama kwetu: wali, nyama, mboga, chapati, matunda. Walikaa wakitazama. Hakuna aliyegusa. Nikasema karibuni, karibuni! Mmoja akaniuliza kwa upole tunaanza na kipi. Nikamjibu, "Anza na mkono wako." Mpaka leo wananitania.

Msalimie Gatwiri, mwambie apumzike.

Mwanao, Nkatha.


Doonside
25 Julai 2021

Mpendwa Nkatha,

Nashukuru huna ugonjwa. Hapa helikopta ya polisi inapita juu yetu kama tumeiba kitu. Sisi wazima.

Nilifuata maagizo yako. Sasa nikueleze jinsi nilivyofanya, maana mimi ninapofanya kitu hufanya kwa mpango. Niliamka mapema, nikapika pasta sawasawa, nikachanganya na mchuzi, nikaitia kwenye hotpoti yangu kubwa, ile ya maua uliyoniletea, nikafunika vizuri. Saa saba mchana ikawa bado ina moto. Nikaipeleka kwenye ua nikiwa najisikia kama mshindi.

Mama Renato alifunua. Akaangalia. Akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilidhani anabariki chakula, nikasema amina.

"Umeipika lini?" akaniuliza.

"Asubuhi!" nikasema kwa fahari.

Alifunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nilipofungua nyumbani ilikuwa imeshikana, ungeweza kuikata kwa kisu kama keki. Gatwiri aliikata kweli, akaenda nayo kazini.

Lakini hakukasirika. Alininyooshea mfuko wa malimau ya mti wake. Nilimrudishia, kama ninavyomrudishia kila mara anapojaribu kunipa kitu, nikamwambia: wewe ni mfiwa, pumzika, kazi ya kuleta ni yetu sisi majirani. Alibaki na mfuko wake mkononi. Nadhani alishukuru.

Nifanye nini tena? Renato alipiga simu jana. Amekwishapata chumba.

Shangazi yako.


Padova
29 Julai 2021

Shangazi,

Uko salama? Gatwiri je? Mimi mzima, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Pasta kwenye hotpoti! Hapa wageni hukaa mezani kwanza ndipo maji yanatiwa pasta. Mgeni ndiye huisubiri pasta. Yenyewe haimsubiri mtu.

Baadaye nilisoma barua yako mara ya pili, nikaacha kucheka. Ni pale kwenye malimau.

Nimeshuka chini kumuuliza mwenye nyumba wangu. Aliniambia kijijini kwao mtu akifa, jiko la nyumba ile haliwashwi. Majirani huleta chakula kwa zamu, kama kwetu tu. Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema siku chache. Halafu inafika siku mjane anawasha moto mwenyewe, na hiyo ndiyo dalili kwamba yeye bado yupo duniani. Akaniuliza huyo mama wa Sydney ameletewa chakula kwa muda gani. Nilipomwambia, alishika kichwa.

Shangazi, usinikasirikie. Nyumba ile wewe ndiye unayeendelea kuiwekea matanga. Kila sahani inayopita juu ya ua inamwambia mume wako amekufa, mume wako amekufa. Na akitaka kukupa hata limau, unamrudisha kitandani.

Acha kumpelekea. Mwambie akulishe wewe.

Mwanao, Nkatha.


Doonside
8 Agosti 2021

Nkatha,

Tuko wazima, na natumaini nawe u mzima.

Nimekusoma. Sijakasirika, ila nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa kabla ya kujibu, na unajua mimi hujibu upesi. Nimefundisha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nimezika wengi, pamoja na mume wangu. Nilipofiwa, wanawake wa kanisa walinipikia mpaka nikasahau bei ya nyanya. Sikuona kwamba wananifunga. Kumwomba mjane chakula ni jambo ambalo sijui hata lianze na neno gani. Mama yangu angefufuka aje anichape.

Na kuna jingine. Nikiacha kupeleka, akawa kweli hana alichokula hata kidogo, nani atajibu? Renato ataniuliza mimi.

Nitaendelea kama nilivyokuwa.

Shangazi yako.


Padova
5 Septemba 2021

Shangazi mpendwa,

Mwezi mzima kimya. Nasikia kwenye habari kwamba huko kwenu mambo yamekuwa magumu, hata kutoka usiku mmekatazwa. Gatwiri ananijibu kwa alama ya kidole gumba tu. Kama nilikukosea, nisamehe, mimi ni mtoto. Mama Renato yuko? Niandikie hata mstari mmoja.

Nkatha wako.


Doonside
19 Septemba 2021

Mpendwa wangu Nkatha,

Hukunikosea. Gatwiri alikutana na mgonjwa wa korona kazini, tukajifungia, yeye chumbani kwake na mimi changu, tukiongea kwa kupiga kelele. Hatukuugua. Lakini siku hizo sikuweza kupika cha kutoka nje ya nyumba hii, hivyo Mama Renato hakupata sahani. Tulipomaliza, nilikwenda uani mikono mitupu, nikidhani nitamkuta amelala chini.

Alikuwa amesimama pale pale, amekonda, anaangalia mikono yangu.

"Leo hujaleta?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nilisema, "Leo nina njaa."

"Wewe? Una njaa?"

"Gatwiri yuko kazini. Na mimi nimechoka kupika, Mama Renato. Nimechoka kabisa."

Alinitazama kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Halafu akawaka! "Kwa nini husemi? Miezi yote hii unanisimamia hapa na masufuria yako, kumbe una njaa! Leta meza. Hapo, upande wako. Na kiti. Usiende popote."

Unajua kule nyuma ua wetu ni waya tu, mfupi, pale marehemu alipokuwa akiotesha maharage. Niliweka meza yangu upande wangu, yeye akaburuta yake upande wake, kila mtu kwake, polisi wakija tusiwe na kesi. Aliingia ndani. Nikasikia mlango wa kabati, sufuria, maji. Nikasikia akimtukana mtu kwa Kiitaliano, baadaye nikaelewa ni jiko. Harufu ya kitunguu saumu ikatoka. Alipotoka alikuwa amechana nywele.

"Kula. Sasa hivi."

"Niombe kwanza."

"Mungu anajua kwamba inapoa."

Nilisali sala fupi kuliko zote za maisha yangu. Ilikuwa pasta yenye mafuta na pilipili, hakuna nyama, hakuna mchuzi, na sikuwahi kudhani kitu kitupu hivyo kinaweza kuwa chakula. Nilikula nikamaliza nikidhani ndiyo yote, nikashiba. Akaleta sahani ya pili, mboga chungu na mayai. Nkatha, mbona hukuniambia kuna ya pili? Nilikula kwa heshima mpaka nikafungua kifungo cha sketi.

Naye? Alikaa. Hakuweza kumwacha mgeni ale peke yake. Mwanzoni aligeuzageuza uma, baadaye akaanza kunieleza kwamba nashika uma kama kalamu, na katika kunieleza huko akawa anakula. Sikumtazama sana. Niliangalia juu, kwenye paa. Wale ndege walikuwa wamejipanga wakisubiri, na hakuna aliyepata kitu.

Tangu siku hiyo ananilisha kila siku nyingine. Ananikosoa sana. Anasema nakaa mbali na meza kama mgeni wa serikali. Malimau yake nayapokea, mengine sijui nifanyie nini.

Lakini chumba bado kipo, na Renato bado anasema atakuja. Nimemwambia kwa simu kwamba anakula. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu asiyeamini.

Shangazi yako.


Doonside
28 Novemba 2021

Mpendwa Nkatha,

Barua zako mbili nilizipata, na picha ya meza yako nimemwonyesha Mama Renato. Anasema glasi umeziweka upande usio wake. Pole. Sisi wazima, tumechanjwa, na sasa tunaruhusiwa kuingia nyumba za watu.

Mpaka ulifunguliwa. Renato alikuja. Ni mtu mpole, mrefu, mwenye macho ya mama yake. Alikuja na picha za ile nyumba ya wazee kwenye simu yake. Mama Renato alinialika siku hiyo ya kwanza, ndani, kwenye meza yake kubwa, akampa mwanawe kazi ya kukwaruza jibini kabla hajavua koti.

"Mama," alisema tulipokaa, "kuna chumba chenye dirisha la bustani."

"Nani anapika huko?"

"Wana mpishi."

"Na akikosea, nani anamwambia?"

Renato alizungusha glasi yake. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unaonaje, Mwalimu?"

Unanijua. Nilikuwa na maelezo tayari kichwani: habari za matanga, za majirani, za mwili wa mzee na hamu ya chakula, ningeweza kuongea mpaka jioni. Nilimwona Mama Renato ameshika ukingo wa meza. Alikuwa anaogopa, Nkatha, mwanamke yule anayegombana na jiko. Nikaona chochote nitakachosema kitakuwa mimi nikimsemea.

Nikainua sahani yangu. "Mimi naomba kuongezwa," nikasema.

Alisimama. Haraka, bila kushika kiti. Alikwenda jikoni, akarudi ananiuliza mbona sikusema mapema, kwamba Waafrika tunakufa njaa kwa adabu, akaniwekea, akamwekea Renato bila kumuuliza, akajiwekea mwenyewe. Renato alimfuata kwa macho kwenda na kurudi. Ile simu yenye picha aliigeuza kifudifudi mezani, kisha akaitia mfukoni, akala.

Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huwa anakula hivi kila siku?"

"Nikipika mimi, hapana," nikamwambia.

Alirudi Melbourne Jumatatu, peke yake. Anasema tutazungumza tena Pasaka. Sijui Pasaka itasemaje. Hajaacha wazo lake, na yeye ni mwana, ana haki ya kuogopa. Lakini Mama Renato sasa analala usingizi, ameniambia mwenyewe.

Jumapili ijayo anataka watu wa kanisa letu waje kwake baada ya ibada. Ameniuliza watakuwa wangapi. Nikamwambia Waafrika hawaulizwi hivyo, atulie tu. Basi leo hii, wiki nzima kabla, amekuja na kuchukua meza yetu, na viti vyote. Gatwiri ametoka kazini amekuta sebule tupu, ananiuliza sasa sisi tutakula wapi.

Nimemwambia anawe mikono, kwa Mama Renato tunachelewa.

Shangazi yako.