Ulivyotutafsiria Ile Sinema ya Ayalandi

Mchumba wangu,

Nilikutana na dada yako Kariakoo. Ameniambia uko Tukuyu tangu Wachina walipokukamata pale barabara ya Huanshi Zhonglu wakakurudisha nyumbani. Amesema hutaki kusikia habari za Guangzhou wala zangu, eti mwanaume aliyerudi na nguo ya mwilini tu hana la kumwambia mchumba wake. Haya. Barua za bahasha hujibu, basi hii naiweka gazetini, na asome kila mtu.

Unaikumbuka ile Jumapili kwa Mama Neema, pale Dengfeng? Polisi walikuwa wanakagua pasipoti mtaa mzima toka asubuhi. Mama akashusha geti la mgahawa, sisi wateja tukabaki ndani na ugali wetu. Ili tusihesabu dari akaweka CD ya sinema ya mapenzi ya Ayalandi. Kiingereza chao kilitushinda wote, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kichina. Watu wakapiga kelele, "Mkalimani si yupo?"

Ndiyo ilikuwa kazi yako. Madukani laoban, yaani mwenye duka, akitutukana kwa kutaka bei ya chini, wewe ulikuwa unatugeukia na uso mkavu: "Bosi anasema karibuni tena." Tulijua, tukacheka, tukaenda duka jingine.

Ukasimama kando ya televisheni kama wale watafsiri wa vibanda vya video huku nyumbani, sauti ya msichana ukiitoa puani. Kijana ni fundi wa kuta za mawe, Mkatoliki. Msichana ni Mprotestanti, na baba yake hataki kusikia.

Bi Salma wa Mombasa akaweka kijiko chini. "Si wote Wakristo hawa? Sasa wagombania nini?"

"Hata mimi sielewi, mwenzangu," akasema Mama Neema, Mlutheri wa Bukoba. "Kwetu wanaoana na ndizi tunakula. Kwani huko hakuna washenga?"

Ukumbi mzima ukaanza kumtafutia kijana mshenga. Ukasema, "Jamani, mnaachwa nyuma, wameshafika stesheni!"

Asubuhi ile nilikuwa nimekwambia sipandi ndege. Viza yangu ilikuwa inaisha wiki ile, yako ilikuwa imeisha siku nyingi, nami nilikuwa nimeapa kwamba wakitukamata watukamate wote wawili. Ulinibembeleza, ukanigombeza, nikagoma. Unakijua kichwa changu.

Basi stesheni mvua inanyesha, msichana anapanda treni kwenda kwenye meli ya Marekani, kijana kamshika mkono wa koti. Kisha ukatafsiri bila mbwembwe zako zote: "Nenda. Ukibaki hapa kwa ajili yangu, iko siku nitakuchukia."

"Mbona huo mkono wa koti hauachii?" akauliza Bi Salma.

"Ndivyo wanavyoagana huko," ukajibu.

Treni ikaondoka, na kabla sinema haijaisha kijana akafa peke yake. Bi Salma akasonya. "Mwanamume apendaye hasemi nenda. Mwongo huyo." Mama Neema akamkatalia katakata, kwamba anayependa ndiye anayesema. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kila meza ikashika upande wake. Wakati wa yale maneno ya stesheni ulikuwa unaniangalia mimi, si televisheni, na niliumia sana. Wiki ileile nikapanda metro kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun nikiwa nimekununia, na tangu siku hiyo nimekaa na hasira zangu.

CD ile Mama Neema aliitia kwenye begi langu. Mwezi uliopita nimeiangalia na mdogo wangu, yule anayesomea ualimu wa Kiingereza. Tulipofika stesheni nikamwambia, hapa usihangaike, napajua, anamwambia nenda. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hapana, dada. Anamwambia usipande. Anasema ukiondoka sitaishi."

Nilicheka, halafu nikalia mpaka mdogo wangu akazima deki. Kumbe mwanamume wa kusema nenda hakuwepo kwenye sinema kabisa, alikuwa amesimama kando yake. Bi Salma na Mama Neema walibishana juu yako bila kujua. Ungetafsiri sawasawa ningebaki, na ningekamatwa nawe. Nakushukuru, na bado nimekasirika, maana hukuniuliza.

Sikiliza basi. Mzigo hutafutwa, mtu hatafutwi sokoni. Umerudi mzima na mimi sikuagiza kitu kingine kutoka China. Haya nakwambia kwa Kiswahili changu, mkalimani simtaki: panda basi uje. Na ukitaka kuniambia nenda mara ya pili, njoo uniambie ana kwa ana, nami nitakuwa naangalia mikono yako.

Nakusubiri, hata ukikataa,
Mchumba wako.